Namba Chini ya Kitambaa

Namba zililingana. Sabini na sita upande ule wa kioo, sabini na sita upande huu. Wageni wakapiga makofi, Mkurugenzi akavua miwani yake akaifuta kwa furaha, na mwanamke ambaye makofi yale yalikuwa yake akahisi ubaridi ukimshuka kutoka kisogoni mpaka kwenye nyayo.

Tusiende mbio. Jambo hili halieleweki bila kujua desturi ya chumba kile.

Kiwandani walimwita Bi Hewa. Jina lilianza kwa kejeli, enzi hizo akiwa msichana mwembamba aliyetoka chuoni na wazo ambalo wakubwa waliliona kichekesho: kwamba mtu anaweza kujua chombo cha umeme kitapata joto kiasi gani kabla hata hakijatengenezwa. Wakati ule kazi ilikuwa kujenga, kuunguza, na kujenga tena. Sanduku likiungua, ongeza feni. Likiungua tena, toboa tundu. Yeye akaja na kompyuta iliyojaza kona nzima ya chumba, akaligawa sanduku ambalo halijazaliwa kuwa vijumba vidogo vidogo visivyo na idadi, na kila kijumba akakiuliza swali lilelile: joto gani limeingia, joto gani limetoka, na hewa imeelekea wapi? Kompyuta ilihangaika na maswali hayo kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Wenzake wakipita mlangoni wanamtania, "Bi Hewa, leo upepo unavuma kutoka wapi?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Kutoka kinywani mwako, na ni wa moto." Hatimaye vicheko vilikwisha, jina likabaki. Hakuwa na mtu wa kumuuliza pale alipokwama, maana hakuna aliyeipita njia ile kabla yake.

Lakini hesabu bila kipimo ni porojo, na hilo alilijua kuliko waliomcheka. Ndipo akaja Mpimaji.

Mpimaji alikuwa mhandisi mwenzake, mrefu, mpole, mikono yake haitetemeki hata ukimpigia kelele sikioni. Alikaa upande wa pili wa kioo, katika chumba cha joto. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya nyembamba kama unywele juu ya kila kichipu, vile vidude vya umeme vinavyopata moto ndani ya chombo, kuwasha chombo, kusubiri joto litulie, kisha kuisoma namba kwenye kipaza sauti. Sheria walijitungia wenyewe na wakaapa kuifuata. Anayehesabu anaandika namba yake ubaoni na kuifunika kwa kitambaa. Haingii chumba cha kupimia mpaka kipimo kisomwe. Na anayepima haambiwi kilichoandikwa, asije mtu akasema namba imesukumwa.

Basi wakawa wanatazamana kwenye kioo. Kila Bi Hewa akiinua kichwa, anamkuta yule naye ameinua. Na Mpimaji alikuwa na tabia moja: akishasoma namba, kabla kitambaa hakijaondolewa, lazima amtazame Bi Hewa usoni, kama anayesema, liwalo na liwe, mimi nipo hapa. Hakuna aliyemtongoza mwenzake. Mapenzi yaliota katika mtazamo ule, siku hadi siku, mpaka ikafika wakati hata mfagiaji anajua na wenyewe bado wanasalimiana "habari za kazi".

Leo Mpimaji alisoma namba, na hakumtazama.

Kilichokuwa mezani siku ile hakikuwa kidogo. Ilikuwa mashine ya kupumulia watoto wachanga, na wageni walikuwa watu wa hospitali waliotaka kuagiza nyingi. Mkurugenzi alikuwa amesema wazi: hesabu ikikaribiana na kipimo, ofisi ya hesabu inapata watu na kompyuta mpya, ikienda kombo, inafungwa. Ikifungwa, Bi Hewa ana kazi inayomngoja ng'ambo, kwa watu waliosikia habari zake na kumwandikia. Na wawili hao walikuwa wameshaambiana ya moyoni: Jumamosi wazee wa Mpimaji wangekwenda kwa shangazi yake Bi Hewa kumposa. Wakishaoana, Mpimaji angehamia idara nyingine, maana nani ataamini namba za mke na mume? Kwa hiyo hiki ndicho kipimo cha mwisho ambacho angempimia.

Na sasa kimelingana. Kitu ambacho hakijawahi kutokea. Hesabu ya joto hailingani na kipimo; inakaribia tu. Gundi chini ya kichipu haiwi nene kama mchoro unavyodai, wala feni haivumi kama walioiuza wanavyoapa. Wakipishana nyuzijoto tatu, nne, walikuwa wanakwenda kunywa chai kwa furaha. Kulingana sawasawa?

Hapo akaikumbuka chai ya juzi, kantini. Alikuwa anakoroga sukari, furaha imemjaa mpaka pomoni, ulimi ukateleza. "Sabini na sita," alimnong'oneza. "Imetulia hapo." Mpimaji akamziba mdomo kwa kiganja, akicheka. "Shh. We mwanamke, utatufukuzisha." Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja kiapo, na ilikuwa tamu.

Wageni wakapelekwa kwenye chai. Bi Hewa akafungua mlango wa chumba cha kupimia.

Mashine ilikuwa imeshazimwa.

"Umezima," alisema.

"Wageni wanasubiri." Mpimaji alikuwa anakunja nyaya, mgongo kwake.

"Hujawahi kuzima kabla sijaingia. Siku zote unaniachia nione."

"Leo nimezima."

Aliisogelea mashine. Ilikuwa imewekwa karibu na ukuta, vile itakavyokaa wodini. Akapitisha mkono nyuma yake, kwenye upenyo mwembamba, na hewa iliyobaki mle ikamchoma vidole.

"Ilikuwa ngapi?"

"Si umesikia."

"Nimesikia uliyosoma. Nakuuliza uliyoiona."

Mpimaji aliendelea kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjika. Mikono ile isiyotetemeka ilikuwa inatetemeka.

"Nitazame," Bi Hewa alisema.

"Mpenzi wangu, tuyaache. Wanakusifu huko. Miaka mingi ulikuwa kichekesho cha watu, leo wanakupigia makofi. Nenda kanywe chai yako."

"Nitazame, nakuomba."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Unajua nilipoiona ile namba nilimwona nani?" alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuona wewe. Umebeba begi. Ofisi imefungwa, unapanda ndege, na mimi nimebaki nasoma namba za watu wengine. Mama yangu tangu mwanzo anasema, huyo binti atakuacha, hakai. Nikasema haiwezekani niwe mimi ndiye wa kumfungulia mlango aondoke. Mdomo ukasema wenyewe."

"Na mashine?"

"Jumatatu ningekwambia. Tungeirekebisha kimyakimya, tungeongeza feni ya pili. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Wewe ungejua. Na wale wamekuja na karatasi za kuagiza, hawasubiri Jumatatu. Kichipu kile kikizidi themanini na tano kinajizima. Kuna mtoto amelala pale anategemea kisijizime."

Mpimaji akarudi kwenye nyaya zake.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Bi Hewa alisema. "Mbele za watu."

"Nimefanya kwa kukupenda."

"Najua. Ingekuwa chuki ningekasirika tu, nikalala." Alikaa kwenye kiti cha Mpimaji, kile ambacho hakuwahi kukikalia. Kutoka pale aliiona meza yake upande wa pili, ubao wake, kitambaa kimening'inia. Hivi ndivyo alivyokuwa akionekana miaka yote. "Sikiliza. Mimi nakisia. Nakisia kwa akili, kwa kompyuta, lakini ni kukisia tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia ukweli. Dunia nzima ikinidanganya, nilijua kuna mtu nyuma ya kioo ambaye hanidanganyi. Ukinidanganya wewe, nimebaki na nani?"

Alilia bila sauti. Mpimaji alipiga hatua kumwendea, naye akainua mkono: hapana, baki hapohapo.

"Na mimi nina kosa langu," aliendelea. "Nisingekutajia namba, usingekuwa na pa kulenga. Nilianza mimi."

"Usijitwike langu."

"Basi niambie. Ilikuwa ngapi?"

Mpimaji akasema kama mtu anayetua mzigo, "Tisini na moja."

Bi Hewa akafumba macho. Tisini na moja. Ikamuingia, ikamzunguka kichwani, ikatafuta pa kukaa. Halafu, na hapa ndipo utajua kazi imemkaa mtu kiasi gani, machozi yakiwa bado mashavuni akafungua macho na kuitazama ile mashine.

"Ukuta," alisema taratibu. "Kwenye hesabu yangu, nyuma yake ni wazi. Sikuweka ukuta. Hewa ya moto inatoka nyuma, inagonga ukuta, inarudi kuvutwa tena. Mashine inavuta pumzi yake yenyewe." Akapangusa uso. "Unaona? Namba yako ya kweli imenifundisha kwa dakika moja. Ile ya uongo ingeniacha mjinga mwenye sifa."

"Ukienda kuwaambia, umeifunga ofisi yako kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Na mimi sina kazi. Na Jumamosi..."

"Najua kuhusu Jumamosi," alisema. "Usinitajie Jumamosi."

Akainuka. Lakini alipofika mlangoni, Mpimaji alimtangulia. "Ngoja," alisema. "Uongo niliusema mimi. Nitaufuta mimi."

Katika chumba cha chai vikombe vilibaki hewani walipoingia. Mpimaji alisimama mbele ya Mkurugenzi, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Namba niliyosoma siyo niliyoiona. Niliona tisini na moja. Nilitaja sabini na sita kwa sababu zangu binafsi. Mwenzangu hakujua."

"Sikujua, lakini namba alitajiwa na mimi," Bi Hewa alisema kutoka nyuma yake. "Nilimwambia namba yangu kabla. Nilivunja sheria yetu."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Aliwatazama kwa zamu, mmoja na mwingine, na wageni walipotoka kimya na karatasi zao, aliongea kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Mngekuja mkaniambia mmekosea kwa nyuzi kumi na tano, ningewatetea mpaka mwisho. Kukosea ndiyo kazi yenyewe. Hili siwezi kulitetea. Nani sasa ataamini hata zile za nyuma, zilizokuwa za kweli?"

Mpimaji alikabidhi funguo siku ileile. Ofisi ya hesabu ilifungwa mwisho wa mwezi. Bi Hewa aliomba jambo moja tu, aachiwe amalize mchoro mpya wa mashine ile, na Mkurugenzi akamruhusu. Alihamisha matundu ya kutolea hewa kutoka mgongoni kwenda ubavuni, akaweka ukuta kwenye hesabu zake, akahesabu upya. Namba mpya akaiandika ubaoni, akaifunika. Hakuwa na wa kumtazama kwenye kioo.

Jumamosi ilifika kama ilivyokuwa imepangwa, ila wazee hawakuja. Alikuja mama yake Mpimaji, peke yake. Shangazi, aliyemlea Bi Hewa tangu akiwa hajui kufunga kiatu, alimkaribisha kiti na maji. Mgeni hakuyagusa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kumuuliza huyu binti yenu swali moja. Mwanangu alikuwa tayari kubeba aibu kwa ajili yako. Wewe ulishindwa nini kubeba siri kwa ajili yake?"

Bi Hewa aliangalia chini. "Mama, siri ile ingebebwa na watoto wa watu."

"Usiniite mama. Nilikuwa nakaribia kulizoea, umeliharibu." Sauti ya mama yule ilikuwa na uchungu wa kweli. "Niliwaambia ndugu zangu, huyo ameshaolewa na makompyuta, mwanangu ataambulia masalio. Wakasema nina wivu. Haya. Umemtilia mwanangu mchanga kwenye kitumbua, sasa wewe unapanda ndege."

"Dada," Shangazi aliingilia, taratibu. "Mwanao amelelewa vizuri. Nani alimsukuma aingie chumba kile aseme kweli mbele za watu? Hakusukumwa. Huyo ni wako. Ulimlea hivyo."

Mama yule akavuta glasi, akanywa maji mafunda mawili. Alipoinuka kuaga, alimtazama Bi Hewa kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu.

"Hali chakula," alisema. "Anakaa anaangalia ukuta. Kama kuna la kumwambia, mwambie kabla hujaondoka. Usimwache akining'inia."

Alipotoka, Shangazi alikusanya glasi. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "lakini aliyerudi mwenyewe mpaka alipoanzia, huyo bado ni mwongo?"

"Sijui, Shangazi."

"Na wewe si ndiye mtabiri?"

"Hili siwezi kulihesabu."

"Mshukuru Mungu," Shangazi alisema. "Ungelihesabu, usingeolewa kabisa."

Bi Hewa alimwona tena uwanja wa ndege, siku ya safari. Mpimaji alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi kwa bidii ya mtu asiyejua kupiga pasi. Alikuwa amepata kibarua hospitalini, kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Walisimama karibu na ule ukuta wa kioo unaowatenga wasafiri na wanaobaki, na watu wakawa wanawapita kushoto na kulia na masanduku yao.

"Sikuja kukuzuia," Mpimaji alisema.

"Najua."

"Nimekuja kusema samahani nikiwa nakutazama. Siku ile sikuisema, nilikuwa naangalia sakafu."

Bi Hewa alimtazama. Alitamani kumshika ule mkono, ule uliokuwa hautetemeki. Bado alimpenda, tena sana, na bado lilimuuma palepale lilipomuuma siku ya kwanza. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani yake pamoja, hakuna lililomfukuza mwenzake.

"Mashine ile imejengwa upya," alisema. "Mkurugenzi ameipeleka wodi ya watoto ikajaribiwe. Ni hospitali yenu."

"Nimeiona. Imefika juzi."

"Nimemwomba uipime wewe. Alikataa, nikamwomba tena, akakubali."

Mpimaji aliitikia kwa kichwa.

"Isukume mpaka ukutani," Bi Hewa alisema. "Iache mpaka joto litulie. Halafu niandikie ulichokiona. Hata kama kitaniumiza, niandikie hichohicho."

"Namba yako ni ngapi?" aliuliza, na mara tu alipouliza akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huzuni. "Hapana. Usiniambie."

"Sikuambii."

Spika ikaita abiria. Alibeba begi lake begani. Mpimaji akasogea hatua moja, safari hii hakuinuliwa mkono, na kwa muda mfupi vipaji vya nyuso zao vikagusana, mbele ya watu, bila kujali.

"Utarudi?" alinong'ona.

Swali lilikuwa la haki. Jibu Bi Hewa alikuwa nalo, lilikuwa limetulia ndani yake tangu usiku wa jana, na lingemfurahisha. Akalifunika.

"Nikikwambia, utaanza kulenga," alisema. "Kaa, fanya kazi yako, sema kweli. Siku ikifika utaona mwenyewe."

Akapita mlangoni. Upande wa pili alitembea hatua kadhaa, akajizuia, akashindwa, akageuka. Kioo kilikuwa kati yao kama zamani. Mpimaji alikuwa amesimama palepale, na alikuwa anamtazama.